Jinsi ya kuandika filamu ya siku za mwisho za mwongozaji mzee: tukimfuata James Whale hatua kwa hatua

Tarehe 29 Mei 1957, James Whale alikutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea nyumbani kwake Pacific Palisades, Los Angeles. Alikuwa na miaka 67. Tangu 1941 hakuna filamu yake mpya iliyokuwa imeingia kwenye majumba ya sinema, na wengi waliomkumbuka walimkumbuka kwa jitu moja tu, lile la Frankenstein alilolileta kwenye skrini mwaka 1931.

Mwaka 1998 Bill Condon alitoa Gods and Monsters, filamu ya siku za mwisho za mzee huyo, Ian McKellen akiigiza kama Whale. Condon alipata Oscar ya mswada uliotoholewa kitabuni. Kitabu chenyewe ni riwaya ya Christopher Bram ya mwaka 1995, Father of Frankenstein. Ndani ya filamu hiyo hakuna magari yanayofukuzana wala jengo linaloungua. Kuna nyumba, bustani, bwawa, na watu watatu wanaobeba karibu uzito wote. Kwa mwandishi wa kwetu ambaye prodyuza wake anahesabu hadi nauli ya bodaboda, aina hii ya filamu inawezekana kabisa, na ndiyo sababu nimeichagua iwe mfano wa kufundishia.

Nitangulize msimamo wangu, maana hatua zote zinauzunguka: filamu ya mzee anayekaribia kufa haibebwi na mzee. Inabebwa na mtu anayeingia mlangoni bila kujua mzee huyo ni nani. Miswada mingi ya aina hii niliyowahi kuisoma imekufa kwa sababu mwandishi alimpenda mno mzee wake, akasahau kumtafutia wa kumtazama.

Hatua ya 1: Pata mtu ambaye mwisho wake una swali

Uzee na ugonjwa havitoshi, kila mzee anavyo. Tafuta swali litakalomshika mtazamaji hata kama anajua tangu dakika ya kwanza kwamba mtu huyu atakufa. Whale alikuwa na fedha, nyumba nzuri, na ulimi wa kuchekesha hadi siku za mwisho. Kilichomshinda ni nini? Hilo ni swali la filamu.

Georges Méliès wa Ufaransa ana swali jingine kabisa. Huyu ndiye aliyeufundisha ulimwengu mazingaombwe ya kamera. Mwaka 1923 alichoma negativu za filamu zake kwa mkono wake mwenyewe, akaishia kuuza peremende na vitu vya kuchezea watoto kwenye kibanda ndani ya stesheni ya Montparnasse, Paris. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mhariri wa gazeti la sinema, Léon Druhot, akamtambua. Desemba 1929 akaandaliwa hafla kubwa ya heshima. Akafa Januari 1938, baada ya miaka kadhaa katika nyumba ya wazee wa sinema huko Orly. Swali lake: mtu akikumbukwa baada ya kusahauliwa, amerudishiwa nini hasa?

Ousmane Sembène wa Senegal ni mtihani mgumu zaidi. Alimaliza Moolaadé mwaka 2004 akiwa amevuka miaka 80, akafariki Dakar Juni 2007. Mzee aliyefanya kazi karibu hadi mwisho hakupi mgogoro wa bure. Utabidi uutafute nje ya mwili wake, kwa walioachiwa kamera.

Kama mzee wako alikufa kaheshimiwa, familia imemzunguka, hadaiwi wala hadai, mwandikie taazia nzuri gazetini. Filamu mwachie mwingine.

Hatua ya 2: Daftari la safu tatu

Chukua daftari, kila ukurasa uugawe safu tatu: yaliyothibitika, yanayosemwa, na yasiyojulikana na mtu yeyote. Usiandike sini (onyesho moja la filamu) hata moja kabla safu hizi hazijajaa.

Kwa Whale, safu ya kwanza inajaa haraka. Amezaliwa Dudley, Uingereza, Julai 1889, mtoto wa sita kati ya saba, baba yake mfanyakazi wa tanuri la chuma. Ujanani alishona viatu, akajilipia masomo ya jioni ya sanaa. Vita Kuu ya Kwanza ilimfanya afisa, akatekwa Flanders, Ubelgiji, mwaka 1917 na kupelekwa kambi ya mateka ya Holzminden, Ujerumani, na huko ndiko alikoanza kuandaa michezo ya kuigiza mbele ya mateka wenzake. Alirudi akaingia jukwaani, akaongoza Journey's End, mchezo wa maisha ya mahandakini, na mchezo huo ukampeleka Hollywood. Halafu zikafuata Frankenstein, The Invisible Man mwaka 1933, Bride of Frankenstein mwaka 1935, na mwaka 1936 Show Boat, ambamo mwimbaji wa Marekani Paul Robeson anaimba “Ol' Man River”, ule wimbo wa mto. (Robeson huyo huyo alikuwa amesoma Kiswahili London miaka michache kabla. Haimhusu Whale, lakini nimeshindwa kuipita.) Mwaka 1937 akatengeneza The Road Back, kuhusu askari wa Kijerumani baada ya vita. Serikali ya Hitler ikashinikiza kupitia ubalozi wake mdogo wa Los Angeles, kampuni ya Universal ikiwa mikononi mwa wamiliki wapya ikakubali kuikatakata, na nyota ya Whale ikaanza kushuka. Aliishi na prodyuza David Lewis kama wenzi kwa zaidi ya miaka 20, bila kujificha, katika mji ambao wengi walijificha. Mwaka 1956 akapata kiharusi.

Safu ya pili ni ya kuangalia kwa jicho la polisi. Kifo cha Whale kilihesabiwa kuwa ajali kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba aliacha barua ya kuaga, na Lewis akaificha hadi alipokaribia kufa mwenyewe, mwaka 1987. Fikiria mwandishi aliyemwandika Whale mwaka 1970 kwa kufuata cheti cha kifo tu: filamu yake yote ingesimama kwenye jambo lisilo kweli. Kwa hiyo kila taarifa ya safu ya pili iandikie pembeni nani aliisema, lini, na alikuwa na sababu gani ya kuisema hivyo. Mjane, mtoto wa nje, prodyuza aliyedhulumiwa, kila mmoja ana toleo lake, na kila toleo lina faida kwa mwenyewe.

Safu ya tatu ndiyo mali yako. Alimwambia nini aliyekuwa akimkatia majani? Alikaa upande gani wa meza baada ya Lewis kuondoka? Hakuna ajuaye. Bram alimtia humo Clayton Boone, mtunza bustani kijana aliyewahi kuwa askari, mtu wa kubuni kabisa, na filamu nzima ikasimama juu yake. Sheria yangu ni nyepesi: buni kwenye safu ya tatu kadiri upendavyo, safu ya kwanza usiiguse. Ukibadilisha mwaka wa vita ili sini ikae vizuri, mtazamaji mmoja atagundua, na kuanzia hapo hatakuamini hata unaposema kweli.

Hatua ya 3: Finya muda

Usianzie utotoni. Nasema hivi kwa sababu kila mswada wa kwanza huanzia huko: mtoto pekupeku, mama anapepeta mchele, mtoto anaona sinema kwa mara ya kwanza kupitia tundu la ukuta. Tumeshaiona.

Anza mzee akitoka hospitali. Wiki chache, mwezi mmoja ukizidi. Chora mstari kwenye karatasi, uweke siku za filamu tu, na kila siku uipe kitu kimoja kinachobadilika: leo ameshindwa kushika kalamu, leo mgeni amekuja, leo dawa zimebadilishwa. Siku isiyobadilisha kitu ifute. Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu. Gods and Monsters ina dakika 105, na hata hapo kuna pahali naona ingeweza kupunguzwa.

Hatua ya 4: Mtafute shahidi

Hapa ndipo utakapotumia muda wako mwingi. Shahidi ni yule anayeingia nyumbani kwa sababu nyingine kabisa, kwa kawaida ya kulipwa, na taratibu anagundua yuko na nani. Ana sifa tatu. Hajui historia ya mzee, hivyo kila anachoambiwa na sisi tunaambiwa. Ana pengo lake mwenyewe ambalo mzee anaweza kuligusa. Na anaweza kuondoka wakati wowote, kwa hiyo kila siku anapobaki ni uamuzi.

Mtazame Boone. Anakuja kukata majani. Anaambiwa akae achorwe, anakubali kwa sababu ya pesa na kwa sababu hakuna mtu maarufu aliyewahi kumtazama. Anagundua mzee anavutiwa na wanaume, anakasirika, anaondoka, anarudi. Mzee naye si malaika: anamchokoza, anamdanganya, na mwishoni tunaelewa kwamba alikuwa na haja naye kubwa kuliko urafiki. Anataka kijana huyu mwenye nguvu amuue. Urafiki na unyonyaji vimo ndani ya kikombe kimoja, na filamu haikuambii unywe upi.

Condon aliweka pia mashahidi wawili wa pembeni. Hanna, mtumishi wa ndani, anajua kila kitu na anampenda mzee huku akiamini ataungua motoni. Lynn Redgrave aliiigiza nafasi hiyo akateuliwa kuwania Oscar. Wa pili ni mwanafunzi anayekuja kumhoji Whale na kung'ang'ania filamu za majitu tu, wakati mzee anataka kuzungumzia Show Boat. Mwanafunzi ni onyo kwako wewe mwandishi: huyo ndiye shabiki, na shabiki ndiye shahidi mbaya kuliko wote. Anajua majibu kabla ya kuuliza. Mpe sini moja au mbili za kuchekesha, kisha mwondoe.

Tuje kwenye uandishi wenyewe. Chukua mzee wa kubuni, mwongozaji aliyepooza upande mmoja, na shahidi awe kinyozi anayeitwa nyumbani kumnyoa. Mswada wa kwanza huwa hivi:

KINYOZI: Shikamoo mzee. Nasikia wewe ndiye uliyeongoza filamu ile iliyopata tuzo Ulaya.
MZEE: Marahaba. Ndiyo, kijana wangu, hizo zilikuwa enzi zetu. Leo nimebaki peke yangu.

Kila kitu kimesemwa, hakuna kilichoonekana. Jaribu hivi:

KINYOZI: Shikamoo mzee.
MZEE: Marahaba. Sogea huko, unaziba mwanga.
KINYOZI: Taa si hiyo hapo juu?
MZEE: Hiyo inanikata pua vipande viwili. Zima. Fungua pazia. Nusu. Nimesema nusu.
(Kinyozi anafungua. Mwanga unaingia kwa ubavu, unakaa kwenye upande wa uso uliopooza. Mzee anajitazama kwenye kioo muda mrefu.)
MZEE: Sasa hamia upande wa pili.
KINYOZI: Mzee, ulikuwa fundi umeme?

Hakuna aliyetaja filamu, tuzo wala upweke. Tumejua kazi yake kwa jinsi anavyoamrisha mwanga, tumejua ugonjwa wake kwa upande alioukwepa, na kinyozi amekosea kwa namna itakayomfanya mzee ama acheke ama amfukuze. Zote mbili zinakufungulia sini inayofuata. Mwongozaji mzee ana zawadi hii kwa mwandishi: amri hazimtoki. Atampangia muuguzi pa kusimama, atamwambia mjukuu arudie kuingia mlangoni. Zitumie.

Angalia pia salamu. Kinyozi wa kwetu hataingia kwa mzee na kuanza kumhoji kama yuko redioni. Ataamkia, atauliza hali, atasubiri kuambiwa akae. Sekunde hizo za adabu ndizo zinazokupa nafasi ya kamera kuzunguka chumba.

Hatua ya 5: Kisengere nyuma kiwe ugonjwa, kisiwe darasa la historia

Kisengere nyuma ni sini inayoturudisha wakati uliopita. Kosa la kawaida: mzee anatazama dirishani, muziki unapanda, tunarudi mwaka 1931. Anatazama tena, tunarudi 1935. Mtazamaji anaanza kuogopa madirisha.

Katika filamu ya Whale kiharusi kimeharibu kitu kichwani. Anapata harufu ambazo hazipo, mawazo yanamkimbia, kumbukumbu zinaingia bila hodi katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo kila kisengere nyuma ni dalili ya ugonjwa na ni hatua ya hadithi kwa pamoja: kadiri zinavyozidi, ndivyo anavyopoteza akili aliyojivunia. Na angalia mpangilio wake. Kwanza zinakuja za utoto na umaskini wa Dudley, umaskini alioufunika kwa lafudhi ya kibwana. Zile za vita, za kijana aliyempenda akafa mbele ya mahandaki na mwili wake ukabaki umening'inia kwenye seng'enge, zinacheleweshwa. Jeraha kubwa hutoka mwisho.

Weka kikomo kabla ya kuanza. Mimi huwa naruhusu visengere vitano au sita kwa mswada mzima, kila kimoja kisizidi ukurasa, na kila kimoja kiletwe na kitu kinachoshikika sasa hivi: harufu, sauti, kitambaa. Kwa filamu ya bajeti ndogo kuna faida ya pili, maana vita vya 1917 ni ghali, ila sauti ya mizinga juu ya uso wa mzee usiku haikugharimu chochote.

Hatua ya 6: Filamu zake ndani ya filamu yako

Mtazamaji atataka kuona alichotengeneza. Vipande vya filamu za zamani vina mwenyewe, na mwenyewe anataka kulipwa: picha kwa bei yake, muziki kwa bei yake, wakati mwingine kwa watu wawili tofauti. Andikia barua mapema, kabla mswada haujakamilika, ujue kama sini yako inawezekana.

Ukikosa, geuza kamera. Katika Gods and Monsters, Bride of Frankenstein inaonyeshwa kwenye televisheni usiku, Boone akiitazama baa, Whale na Hanna wakiitazama nyumbani. Vipande vipo, lakini uzito uko kwenye nyuso za watazamaji: kule baa wanaicheka, na Boone anaanza kuona kwamba aliyeitengeneza alikusudia wacheke. Hata bila kipande kimoja, mwanga wa televisheni unaochezacheza usoni ungebeba nusu ya sini hiyo. Ila usidanganyike kwamba sauti ya filamu ile ni bure. Sauti nayo ina hakimiliki.

Kuhusu vitabu: tukio la kihistoria halimilikiwi na mtu, yeyote anaweza kusimulia kwamba Whale alitekwa Flanders. Lakini mtunza bustani aliyebuniwa na mwandishi ni mali ya mwandishi. Ukimtaka, nunua haki ya kukigeuza kitabu kuwa filamu, kwa maandishi, hata kama mwandishi ni mjomba wako.

Hatua ya 7: Mwili

Kaa na anayehudumia wagonjwa wa kiharusi, umuulize mambo madogo: kijiko kinashikwaje, mgonjwa anageuzwaje kitandani, hasira huja saa ngapi, nani huchoka kwanza. Mswada hauhitaji majina ya dawa. Unahitaji kujua kwamba kufunga kifungo cha shati kunaweza kula dakika tatu, na kwamba mtu aliyewahi kuamrisha mamia ya watu seti atapendelea kuvaa shati wazi kuliko kuomba msaada.

Hatua ya 8: Kifo chenyewe

Kama mzee wako alikufa kwa maradhi, kazi ni rahisi: kata mapema, kabla ya pumzi ya mwisho. Kama alijiua, kama Whale, kuna wajibu. Usionyeshe namna kwa undani, usikifanye kitendo kionekane ni ushindi au suluhisho, na usishike sababu moja kana kwamba umepata jibu. Waachie waliobaki nafasi ya kuumia na kukasirika. Condon anatupeleka moja kwa moja asubuhi: Boone anaamka, Hanna anafika, mwili uko bwawani. Kijana anamtoa. Hanna anatambua kijana atakavyoonekana polisi wakimkuta pale, na wawili hao wanalazimika kumrudisha mzee majini. Ukatili wa sini hiyo unatokana na busara ya mtumishi, na hakuna hotuba hata moja.

Unaruhusiwa sini moja baada ya kifo. Boone, miaka kadhaa baadaye, ana mke na mtoto, na anatoa mchoro wa lile jitu aliopewa na mzee. Moja inatosha. Ukiona umeandika mazishi, kisha kaburi, kisha mwaka mmoja baadaye, umeshindwa kuaga.

Hatua ya 9: Vibali, kisha kusoma kwa sauti

Tanzania mswada unapitia Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha. Kenya kuna bodi ya uainishaji wa filamu. Anza mapema. Filamu inayomhusu mtu halisi itaulizwa kuhusu familia, kwa hiyo uwe na makubaliano ya maandishi na warithi, yanayosema wazi kwamba wanasoma mswada ila hawauhariri. Familia nyingi zitakubali ugonjwa na umaskini. Zitakachokataa ni mke wa pili na madeni.

Kisha waite waigizaji, mswada usomwe kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nafasi ya mzee apewe mtu mzima kweli, asipewe kijana anayeghushi mtetemeko, maana mtu mzima atakwama kwenye sentensi ambazo hakuna mzee angezisema. Weka alama kila alipokwama. Pima muda kwa saa. Ikizidi dakika 105, anza kukata kwenye visengere nyuma kabla hujagusa sini za jikoni.